Mbio ndefu za magari daraja la ndondo: namna ya kujaza wese bila kuungua, bila kuiba, na bila papara

Kama umezoea Formula 1 ya kwenye tivii, gari inaingia pitini (pale pembeni mwa uwanja inaposimama kuhudumiwa) na sekunde mbili tatu imeshatoka, basi siku ukifika kwenye mbio ndefu za wikiendi huko Marekani utadhani watu wamesinzia. Gari imesimama, wese limeshaingia, dereva mpya ameshafunga mikanda, na jamaa wote wamesimama pale wanaangalia saa. Hakuna anayegusa kitu. Inapita dakika nzima ya kuangaliana tu, halafu mwenye saa anapiga boneti kofi moja, gari inaondoka.

Hawajasinzia, ndo sheria yenyewe. Kwenye mashindano ya ChampCar, ambayo zamani yaliitwa ChumpCar, ukiingia pitini kujaza wese lazima ukae angalau dakika 5, hata kama ulimaliza kumimina kwenye dakika ya pili. Na dereva mmoja haruhusiwi kukaa kwenye usukani zaidi ya masaa 2 mfululizo. Mtu mgeni anaona ni usumbufu, ila ukikaa nayo wikiendi moja unagundua hizo dakika 5 ndo zinafanya fundi wa gereji mwenye madumu mawili ashindane na mtu mwenye hela za kununua mitambo ya kumiminia wese kwa sekunde chache. Wote mnasubiri saa ileile.

Huku ndo ndondo ya magari. Hakuna mshahara, mnachangishana hela ya kiingilio, tairi na wese, watu wanne mpaka sita gari moja, Jumatatu kila mtu anarudi kazini kwake. Maarufu zaidi ni 24 Hours of Lemons, iliyoanzishwa na Jay Lamm mwaka 2006 kule Altamont, California, wazo likiwa gari isizidi dola 500 ukitoa vifaa vya usalama. Jina linasema masaa 24 lakini mara nyingi mnakimbia Jumamosi, mnalala, mnaendelea Jumapili. Hata tuzo kubwa kabisa hapewi aliyekuja wa kwanza, anapewa aliyekuja na kimkweche cha ajabu halafu kikafika mbali kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Sasa twende kwenye kazi.

Hatua ya 1: soma sheria kabla hujanunua hata spana

Nasema hivi kwa sababu timu nyingi zinajenga gari kwanza, sheria wanasoma usiku wa kuamkia mbio, wako hotelini wamechoka. Kila mashindano yana yake. Lemons wakati wa kujaza wese dereva lazima awe nje ya gari, injini imezimwa, na anayeshika dumu avae kama dereva. Kwenye 24H ya Dubai inayofanyika Januari, hiyo nayo imejaa madereva wasiolipwa tangu 2006, gari inajaza kwenye kituo cha mafuta cha uwanjani, pampu za kawaida kama za barabarani, foleni na kila kitu, kwa hiyo ndugu zetu mlioko Dubai na Muscat mnaweza kwenda kujionea wenyewe. Nürburgring kule Ujerumani nako mnajaza kwa pampu, na ukiweka wese jingi muda wa chini wa kukaa pitini nao unakuwa mrefu.

Maswali ya kwenda nayo kwenye kikao cha madereva asubuhi, yaandike kabisa kwenye karatasi: saa inaanza kuhesabiwa wapi, gari ikisimama au ikipita mstari wa kuingilia pitini? Dereva anaruhusiwa kubaki ndani? Wangapi wanaruhusiwa kuruka ukuta wa pitini kwenda kwenye gari? Kazi nyingine, mfano kupima oili au kufuta kioo, inaruhusiwa dumu likiwa bado mdomoni mwa tangi? Usione aibu kuuliza, atakayeona aibu ni yule atakayeitwa na bendera nyeusi, ile ya kukutoa uwanjani ukajieleze, saa nane mchana.

Hatua ya 2: lijue tangi lako, achana na geji

Geji ya mafuta ya gari ya miaka 25 inadanganya. Kwanza ilitengenezwa kwa gari ya kwenda dukani, siyo kwa kona ndefu za mwendo kasi. Pili ikionyesha robo, kwenye kona wese lote linahamia upande mmoja, pampu inavuta hewa, injini inakohoa. Kwa hiyo siku ya mazoezi fanyeni hivi: jazeni tangi mpaka alama moja mnayoijua, dereva akimbie dakika 30 kwa mwendo wa mbio kweli, siyo kutalii, arudi, mjaze tena mpaka alama ileile mkipima kila lita. Zilizoingia zidisha kwa mbili, huo ndo ulaji wa saa moja. Rudieni na dereva mwingine maana kila mtu ana mguu wake, kuna mmoja atakula lita 22 na mwingine 25 kwenye gari hiyohiyo na muda wao wa mzunguko unafanana. Hiyo siri ikae kichwani, tutairudia.

Halafu tafuta mwisho wa tangi. Endeleeni kukimbia mpaka injini ianze kukohoa kwenye kona, dereva aingie pitini mara moja, pimeni kiasi kilichoingia mpaka kujaa. Kama tangi ni la lita 48 na zimeingia 45, basi wewe una tangi la lita 45. Zile 3 zilizobaki zipo lakini siyo zako.

Na usijaze mpaka lifurike. Petroli ikipata joto inatanuka, kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi 1, kwa hiyo wese lililokaa kivulini likiingia kwenye tangi lililopata moto wa gari, tofauti ya nyuzi 20 kwenye lita 48 ni karibu lita nzima, na hiyo lita itatafuta pa kutokea.

Hatua ya 3: hesabu ya zamu (hapa ndo watu wanaposhinda au kushindwa mbio)

Chukua kalamu. Tuseme mna Mazda Miata ya 1999, tangi lake galoni 12.7, yaani lita 48, na mmeshaona zinazotumika ni 45. Inakula lita 24 kwa saa. Gawanya, unapata dakika 112 na nusu kwa tangi. Mbio ni masaa 8, dakika 480. Kusimama mara moja ni dakika 5 za sheria, ongeza kama 1 ya kuingia na kutoka kwa mwendo wa kobe, jumla 6.

Mkitaka kusimama mara 3 tu, zinabaki dakika 462 za kukimbia, gawanya kwa zamu 4, kila zamu dakika 115 na nusu. Wese lenu linafika 112 na nusu. Mmepungukiwa dakika 3 kila zamu! Hapo itabidi msimame mara ya nne, dakika 6 nyingine zimekwenda, zinabaki 456, na kama mzunguko wenu ni dakika 2 kamili mtamaliza mizunguko 228.

Sasa mwambie kila dereva apunguze kidogo, gari itumie lita 23 kwa saa badala ya 24. Tangi linakupa dakika 117, zamu 4 zinatosha na chenji inabaki. Tuseme huo upole umewagharimu sekunde 1 nzima kila mzunguko, yaani mnakimbia 2:01 kutwa nzima, wale wengine wanawapita pale kwenye mstari mrefu huku wanawapungia mkono. Dakika 462 kwa mwendo huo ni mizunguko 229. Mmewazidi mmoja. Na kama dereva ni mjanja akapoteza nusu sekunde tu, ni 230. Kwa lita moja ya saa!

Nilivyoiona hii hesabu mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikijua nimekosea.

Fanya yenu kwa namba zenu, inawezekana kwa gari yenu kuongeza kituo ndo faida, mfano uwanja ambao gari inakunywa sana na kuminya wese kunakutupa nje ya mwendo kabisa. Ila ifanye usiku kabla ya mbio, siyo katikati ya mbio redio inapiga kelele.

Njano nazo zihesabu. Uwanja mzima ukiwa chini ya bendera ya njano kila mtu anatambaa, gari haili sana, na dakika 6 za pitini zinakupotezea mizunguko michache kuliko wengine wakiwa wanachanja mbuga. Timu yenye subira inajiwekea muda wa kuingia pitini, mfano "tunaweza kuingia wakati wowote kuanzia dakika ya 95", halafu inangoja njano. Timu isiyo na subira inaingia dakika ya 90, njano inatoka dakika ya 93. Inauma hiyo.

Hatua ya 4: vifaa na mavazi

Mjazaji, msaidizi wake na mshika mtungi wa zimamoto wote wavae ovaroli isiyoshika moto, ya mbio kweli, yenye lebo ya SFI 3.2A/5 au FIA 8856 (viwango vya nguo za mbio), pamoja na glavu, viatu, soksi ya kichwa na helmeti yenye kioo kimefungwa. Ndani usivae jezi ya polista, hata kama ni ya Simba au Yanga, ikipata moto inayeyuka inagandia kwenye ngozi. Pamba au usivae kitu.

Dumu la galoni 5 ni kama lita 19, uzito wa wese peke yake kilo 14. Siyo mzito kwa dakika moja, ni mzito ukiwa umeuinua kifuani, umevaa helmeti, jua la Texas linakuchoma, mikono inatetemeka. Mpe mtu mwenye mabega, siyo mwenye kelele. Dumu liwe na bomba la hewa linalofanya kazi, bila hilo linagugumia glug glug na kurusha matone. Kagua mpira wa mdomoni asubuhi na mchana, mipira inakauka.

Mkijaza madumu kwenye kituo cha mafuta, yashusheni chini kwenye sakafu. Usijazie juu ya pickup yenye plastiki kwenye bodi, umeme tuli unajikusanya humo na hauna pa kwenda, cheche moja inatosha. Watu wanaliona jambo dogo hilo na ndo mwanzo wa habari mbaya nyingi.

Mtungi wa unga wa kilo 4.5 au zaidi, pini imeshatolewa kabla kofia ya tangi haijafunguliwa, mshikaji amesimama hatua tatu nne, upepo uko mgongoni kwake, macho kwenye mdomo wa tangi na siyo kwenye gari zinazopita. Hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote pale, kutofanya chochote kwa makini.

Moto wenyewe siyo hadithi. Mwaka 1994 Hockenheim, gari la Benetton la Jos Verstappen lilirukiwa na wese wakati wa kujaza, likamwagika kwenye gari lililokuwa na joto, ndani ya sekunde kila kitu kikawa mpira wa moto, dereva na mafundi waliungua lakini walipona. Uchunguzi ulikuta chujio limeondolewa kwenye mtambo wa kujazia, na bila chujio wese linapita haraka zaidi. Hao ni watu wenye bajeti ya mamilioni na mitambo ya kisasa. Formula 1 wakaja kupiga marufuku kujaza wese katikati ya mbio kuanzia 2010. Sisi wa madumu bado tunajaza, kwa hiyo tuheshimu.

Hatua ya 5: mazoezi ya maji

Wiki moja kabla, nyuma ya gereji, jazeni madumu maji, muwe na ndoo kubwa au tangi bovu, mfanye mara kumi mkiwa mmevaa kila kitu. Pimeni kwa simu. Utashangaa vitu vinavyojitokeza: kioo cha helmeti kinapata ukungu, hamsikiani, kofia ya tangi haijulikani iko kwa nani. Baada ya hapo kubalianeni ishara za mikono maana kelele za pitini hazina mfano. Dole gumba juu ni "fungua", kiganja wazi ni "acha, usiguse", na ya tatu, ngumi juu, ni "nimemwaga".

Hatua ya 6: dakika 5 zenyewe

Mzunguko wa mwisho kabla ya kuingia, dereva apoze gari. Diski za breki zilizotoka kwenye mbio zinaweza kuwa na joto la kuwasha mvuke wa petroli bila hata cheche, na huo mvuke ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji kuelekea palepale kwenye breki. Akisimama, injini off, wavu wa dirisha chini, anatoka. Hata pale sheria inaporuhusu abaki ndani mimi nasema atoke, mna dakika 5 mnakimbilia wapi.

Dakika ya kwanza ni ya dereva kutoka na mshika mtungi kukaa sawa, hakuna anayegusa kofia kabla yake. Kisha dumu la kwanza, msaidizi ameshika kitambaa chini ya mdomo. La pili, na la tatu kama tangi bado linadai. Kofia inafungwa na inakaguliwa na mtu MWINGINE, siyo aliyefunga. Madumu yanarudi nyuma ya ukuta. Hapo ndo dereva mpya anaingia, anafungwa mikanda, redio inachomekwa, mnajaribu "unanisikia?", anajibu. Kwa timu iliyofanya mazoezi hapo mko kama dakika 4, na hapa ndo ugonjwa unapoanza, mikono inawasha, mtu anataka kuongeza upepo, mwingine anafungua boneti. Tulieni. Mwenye saa awe mmoja tu, na asiwe dereva, na anaachia gari kwenye 5:10, siyo 5:00.

Hizo sekunde 10 nimezilipia. Timu moja niliyokuwa nawasaidia, dogo aliyeshika saa alibonyeza simu gari ikiwa bado inatambaa, sheria pale ilihesabu kuanzia gari imesimama. Tukaachia mapema kwa sekunde saba. Tulikuwa tumewazidi wenzetu mzunguko mmoja tangu asubuhi, adhabu ikaumeza wote. Dogo akawa ananifuata, "Braza, samahani," mpaka jioni. Kosa halikuwa lake, mimi ndo sikumuuliza saa inaanzia wapi.

Andikeni kwenye daftari kila kituo: saa ngapi, lita ngapi zimeingia, zamu ilikuwa dakika ngapi, nani alikuwa anaendesha. Kwenye kituo cha pili mtajua kama hesabu ya jana usiku inashika au mrekebishe.

Hatua ya 7: mguu wa dereva

Kuminya wese siyo kuendesha kama bibi harusi. Unatoa mguu kwenye mafuta mita 40 au 50 kabla ya pale ulipozoea kubreki, gari inateleza yenyewe, unabreki kidogo, kwenye kona unapita na mwendo uleule. Muda unaopoteza ni mdogo, wese unaloponya ni jingi, na breki zinakushukuru. Panda gia mapema kwenye mistari. Ukipata gari kubwa mbele jifiche nyuma yake, inakukatia upepo.

Na aliye haraka mpishe. Lemons magari mawili yakigusana yote yanaitwa na bendera nyeusi, hawaangalii sana nani mkosaji, mnaenda kujieleza wote. Ukimbania mtu kona moja kwa ajili ya heshima umeweka rehani mizunguko yote mliyoponya kwa lita moja ya saa.

Kuhusu ujanja

Njia za kuiba kwenye wese ni za zamani. Kuna ile ya Smokey Yunick, fundi wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, sheria ilitaja ukubwa wa tangi bila kutaja bomba, basi akaweka bomba la unene wa inchi 2 na urefu wa futi 11, na hadithi inasema lilibeba galoni 5 za ziada. Nimelipigia hesabu hilo bomba, halifiki hata galoni 2, ni kama lita 6.8. Hadithi imenenepa njiani kuliko bomba. BAR wa Formula 1 mwaka 2005 pale San Marino walikutwa na chumba cha pili ndani ya tangi, Jenson Button akafutiwa matokeo na timu ikafungiwa mbio mbili zilizofuata.

Kwenye ndondo ujanja ni wa kishamba zaidi: tangi lililoongezwa kiunoni, dumu la "galoni 5" linaloingia 6, gari ya dola 500 yenye shokapu za dola 2,000. Lemons ukizidisha thamani wanakukata mzunguko mmoja kwa kila dola 10. ChampCar kila aina ya gari ina pointi zake, kikomo 500, vipuri vya kishindani vinaongeza pointi na ukizidi unakatwa mizunguko. Ukiwa na shaka na kitu chako kipeleke kwa mkaguzi mwenyewe Ijumaa, umwonyeshe, mjadiliane. Anayeonyesha mara nyingi wanamwelewa. Anayekutwa nacho Jumapili akiwa wa pili, huyo hana wa kumtetea, na wikiendi ijayo ndo atakayeomba jirani amwazime jeki.

Ikimwagika

Ngumi juu, kila mtu anasimama. Injini haiwashwi. Kofia ifungwe, wese lifunikwe na udongo wa kunyonya au matambara, gari isukumwe kwa mikono mbali na dimbwi ndo iwashwe, na waiteni wasimamizi hata kama ni kikombe kimoja. Aliyelowa avue ovaroli pale pale na aoge kwa maji mengi, asirudi kazini leo, maana yeye ndo utambi. Saa ya dakika 5 iacheni ijiendee.

Wese likibaki jioni usiondoke na madumu kwenye buti ya gari iliyofungwa vioo. Kama ni petroli ya kawaida ya kituoni, mimina kwenye tangi la pickup iliyovuta trela, madumu yakae wazi mpaka yakauke, na ule mpira wa mdomoni uuweke mfukoni mwako wewe mwenyewe, maana ndo kitu cha kwanza kupotea kila mwaka.